Nilivyomponya Guka Mbele ya Maafisa

Jana Jumanne, saa kumi na moja alfajiri, ndipo kuumbuka kwangu kulianza. Nilikuwa namfunga Guka vifungo vya shati.

Guka ni babu yangu. Alipata kiharusi, upande wa kulia ukapooza. Serikali ilikuwa inamtumia pesa za watu wenye ulemavu, na kwa hizo mama alimlipa jirani amtunze mchana. Halafu sheria zikabadilika, ati kila mtu apimwe upya. Afisa wa Kitale akamuuliza, "Mzee, unaendeleaje?" Guka akajibu vile watu wa kanisa letu hujibu: "Bwana asifiwe, niko imara kabisa." Afisa akaandika imara kabisa. Pesa zikakatwa.

Tulikata rufaa nikiwa kidato cha kwanza. Sasa niko cha tatu, na siku ambazo mama anaenda sokoni, mimi ndiye jirani. (Hesabu yangu imezorota, lakini hata zamani haikuwa nzuri.)

Hatimaye tukaitwa Bungoma, rufaa isikizwe huko. Kutoka Saboti, ndani ya pikapu ya mjomba, nilimfundisha Guka njia nzima.

"Ukiulizwa unaendeleaje, utasema nini?"

"Namshukuru Mungu."

"Guka."

"Kwani nisimshukuru?"

"Mshukuru kimoyomoyo. Wao waambie mkono haufanyi kazi."

"Sawa, mwalimu."

Chumba kilijaa watu wanaongoja zamu. Meza ya maafisa iko mbele, hakuna pazia wala nini. Guka akaulizwa. Akasema mkono haufanyi kazi, mguu haufanyi kazi, kijiko anashikiwa. Mungu hakumtaja hata kidogo. Nilijivunia kazi yangu.

Kisha afisa mmoja, mama aliyekaa katikati yao, akanigeukia. "Na wewe msichana ndiye unakaa na yeye. Anaendeleaje huko nyumbani?"

Mimi nikiangaliwa na watu wengi, akili huenda likizo. Mdomo ukajifungua wenyewe.

"Bwana asifiwe. Anaendelea vizuri sana."

"Amina," chumba kizima kikaitikia.

Guka akanigeukia polepole. "Haiya," akasema. "Nimepona lini?"

Kicheko kilianzia benchi ya nyuma kikaja mbele. Yule mama hakucheka. Alishika kalamu. "Kwa hivyo niandike anaendelea vizuri?"

Nikaona rufaa nyingine. Nikaona kidato cha nne kikinipita nikiwa jikoni. Nikasema hapana, kwa sauti ambayo sikujua ninayo. Nikasema mimi ndiye humwogesha. Nikasema humpeleka choo, na kuna siku hatufiki. Nikasema hata leo hatukufika, ndiyo maana tumechelewa. Nilisema yote, mbele ya Bungoma nzima, Guka akiangalia dirisha.

"Inatosha," yule mama akasema. Akaandika kwa muda mrefu. "Jibu mtatumiwa."

Lini, hakusema.

Tukirudi nikamwambia Guka pole. Tulipofika Kiminini akasema, "Umesahau kuwaambia hata meno unanipigia mswaki."

Leo asubuhi nimemwogesha, nikafika shule nimechelewa. Mwalimu wa zamu akaniuliza kwa nini. Siku zote huwa nasema baiskeli imeharibika. Leo nimemweleza kila kitu, kuanzia choo. Alinisikiliza kidogo tu, akaniomba tafadhali niingie darasani.