Majibu Matatu ya Udongo

Jumatatu, 4 Machi
Nafasi ya mhadhiri msaidizi ni moja. Tunaoitaka ni wawili: mimi na Redio. Tumempa jina hilo kwa sababu akianza Kiingereza hazimiki. Utafiti wangu juu ya udongo unaopasuka ni bora kuliko wake. Hata yeye anajua. Lakini uamuzi unategemea semina ya Ijumaa, na semina ni Kiingereza kitupu. Kukiandika, sina mpinzani. Kukizungumza mbele ya watu, ulimi unageuka gogo. Nikikosa, mwisho wa mwezi narudisha ufunguo wa maabara.

Jumanne, 5 Machi
Nimepata mpango! Nimetunga maswali matatu na majibu yake. Maswali nimewagawia wenzangu watatu wa maabara, waniulize kwa zamu. La kwanza: udongo niliuchukua wapi? La pili: kwa nini unapasuka? La tatu: nani atafaidika? Majibu nayakariri kwa namba. Moja, mbili, tatu. Mpole, mwenye swali la kwanza, aliuliza kama huo si udanganyifu. Nikamwambia ni maandalizi.

Alhamisi, 7 Machi
Nakariri jikoni. Dada, ninayekaa kwake, kasema hata sufuria zake sasa zinajua Kiingereza. Kisha akauliza kwa nini nisiseme tu ninachokijua. Dada ni fundi cherehani. Mambo ya chuo hayajui.

Ijumaa, 8 Machi
Redio! Kabla Mpole hajanyanyua mkono, yeye kasimama na swali lake mwenyewe: nilipima sampuli ngapi? Hakuwa kwenye orodha! Kichwa changu kikasikia swali la kwanza, kikatoa jibu la kwanza: mabonde matatu kando ya mto. Redio akaitikia kwa kichwa. Mpole akauliza udongo niliuchukua wapi. Nikajibu: joto kali na ukosefu wa mboji. Mwenzetu wa pili akauliza kwa nini unapasuka. Nikajibu: wakulima wadogo, hasa wanawake.

Hakuna aliyecheka. Ukumbi mzima uliitikia kwa kichwa, wawili waliandika. Ndiyo desturi yetu: ukiuliza mwenzio kasema nini, umejitangaza kwamba Kiingereza kimekupita. Kufika swali la mwisho, majibu yalikuwa yameniishia. Nikasema asante, nikaketi.

Makofi!

Jumamosi, 9 Machi
Profesa, mkuu wa idara, kaniita ofisini. Nifunge mlango. Akaniuliza kwa Kiswahili, taratibu kama daktari, kama kweli udongo unapasuka kwa sababu ya wanawake.

Nilitamani sakafu initafune. Kwa aibu nikaanza kumweleza ukweli wote: maji yanavyoutoka udongo, unavyojikunja, nyufa zinapoanzia. Bila karatasi, nikichora kwa kidole juu ya meza yake. Aliuliza maswali kumi na moja. Nilijibu yote, mengine kabla hajamaliza kuuliza.

Akasema hilo ndilo alilokuwa akilingoja wiki nzima. Akasema pia kwamba ukumbi ulioitikia unamtia wasiwasi kuliko mimi. Kwa hiyo Jumatatu mimi na Redio tutahojiwa upya, kila mtu kwa lugha anayoitaka. Niongee kama nilivyoongea pale mezani, basi. Alilisema hilo mara mbili.

Jumapili, 10 Machi
Nimemwelewa Profesa kabisa. Nimeandika yote niliyomwambia jana, neno kwa neno, kurasa kumi na nne. Nimeweka alama hata mahali pa kuchora kwa kidole. Kisha nimeyageuza yote kuwa Kiingereza, maana siwezi kumwachia Redio Kiingereza peke yake. Tangu alfajiri nakariri. Dada kahamishia cherehani yake barazani.

Na kosa la Ijumaa nimeshaligundua. Lilikuwa ni zile namba. Safari hii majibu nimeyapanga kwa herufi, A hadi K.