Mshale Ulisimama Kwenye Hamsini

Jumanne, 4 Machi

Nimeshikwa. Mimi, Kang'ethe, mtu wa mayai. Nilikuwa natoka Gatuanyaga na trei arobaini na sita, napeleka Mwiki. Kabla ya Gatongora, penye kibao cha hamsini, polisi wawili na ile kamera yao ya spidi. Koplo Wavinya akanionyesha namba: 79. Nikamwambia hiyo ni ya lori lililonipita. Akasema hakuna lori lililonipita. Mimi ndiye niliyelipita lori.

Mshale wa spidomita yangu ulikuwa kwenye hamsini kamili. Nina hakika, kwa sababu ninauangalia sana tangu fundi wangu Muoki anifungie dashibodi nyingine mwezi jana. Ilitoka kwa gari la Uingereza, mali safi. Na tangu aifunge, injini nayo imepona. Siku hizi nafika Mwiki kabla wateja hawajafungua maduka.

Koplo hakutaka kusikia. Kortini Alhamisi.

Ubaya ni huu: kanisa letu limenunua basi dogo, na kamati inachagua dereva tarehe 16. Tumebaki wawili, mimi na Kinuthia, ambaye huendesha kama amebeba maji kwenye sahani. Wanataka mtu asiye na kesi. Nitapinga mashtaka.

Jumatano, 5 Machi

Utetezi umekamilika. Siku ile sikuvunja hata yai moja. Kwa kilomita 79 juu ya matuta ya barabara ile, ningefika Mwiki nikiuza omleti. Nitabeba trei moja kortini kama kielelezo.

Mke wangu Maggie aliuliza mayai yatamwambia hakimu nini. Nikamweleza tena, polepole. Akarudi kuosha vyombo. Nimechukulia amekubali.

Alhamisi, 6 Machi

Foleni nzima ilikubali makosa. Mimi peke yangu nilikana. Watu wakageuka kuniangalia, nikajisikia mrefu. Karani alinishauri kwa upole nikubali tu nirudi kazini. Nikamwambia ukweli hauna haraka. Kesi itasikizwa Ijumaa ijayo.

Jumapili, 9 Machi

Wakati wa maombi Kinuthia alisimama, akaomba tumkumbuke ndugu mmoja aliye na kesi ya kuendesha ovyo. Hakutaja jina. Aliniangalia tu mpaka tukasema amina. Nje, akina mama watatu walinishika mkono kama nimefiwa.

Mchungaji akaniita kando. Nikamwambia nina ushahidi mzito. Akasema kamati itangoja Ijumaa. Yeye ni mtu mzuri.

Jumatatu, 10 Machi

Nilimwomba Muoki aje kutoa ushahidi kwamba spidomita ni nzima. Alikubali haraka, halafu akauliza kama korti huitisha risiti. Halafu akakumbuka kwamba Ijumaa atakuwa Machakos. Lakini aliniandikia barua: "Spidomita hii haina shida." Ina alama ya kidole chake kwa grisi, kwa hivyo haiwezi kughushiwa.

Jioni nikatoka na Maggie barabarani. Mimi nashika usukani, yeye anapiga picha ya mshale kwenye hamsini. Alisema miti inapita haraka sana. Nikamwambia amezoea kutembea kwa miguu.

Picha imetoka vizuri. Nimeichapisha kwa saiba ya Ruiru, ukurasa mzima, ya rangi.

Ijumaa, 14 Machi

Askari wa mlangoni alikataa mayai. Ilibidi nimwachie.

Koplo Wavinya alieleza yake. Nikaeleza yangu, nikatoa barua, nikatoa picha. Hakimu, mama wa makamo, alivaa miwani na kuitazama muda mrefu. Nikaanza kujipongeza.

"Bwana Kang'ethe, herufi hizi hapa chini ni za nini?"

"Ni MPH, mheshimiwa."

"Na maana yake?"

"Fundi aliniambia ni jina la kampuni."

Koplo Wavinya aliinamia viatu vyake, mabega yanatetemeka.

"Hizo ni maili kwa saa," hakimu akasema. "Hamsini zako ni kilomita themanini. Kamera ya polisi ilisema sabini na tisa. Spidomita yako na polisi wanakubaliana."

Akaongeza kwamba hajawahi kuona mshtakiwa akiwasaidia waendesha mashtaka hivyo, tena kwa rangi.

Nilitaka kurudi kwenye mayai. Lakini nikakumbuka pale Gatongora watoto huvuka wakitoka shule. Mwezi mzima nimepita hapo kwa themanini nikijiona mpole. Nikamwambia hakimu hivyo tu, kwamba sikujua, na kwamba sasa naogopa.

Aliniangalia, akaandika. Akaniachilia kwa onyo. Nina siku kumi na nne za kubadilisha dashibodi na kupeleka gari likaguliwe.

Koplo alinipa mkono nje. Akasema niende polepole, kwa kilomita.

Jumapili, 16 Machi

Niliiambia kamati mambo yote mwenyewe, kabla Kinuthia hajapata nafasi. Walicheka mpaka mchungaji akapangusa macho. Halafu akasema mtu anayejisema anaweza kuaminiwa. Kinuthia atakuwa dereva, mimi wa akiba. Na Kinuthia ana shamba Nyandarua, husafiri kila mara.

Alinipongeza. Aliuliza kama sasa najua maili. Nikacheka pia, na nilicheka kweli. Maggie alipika chapati.

Jumatatu, 17 Machi

Asubuhi nilikuwa naenda kwa Muoki kubadilisha dashibodi. Nikakaa kwanza ndani ya gari, nikatazama ile namba nyingine, ya umbali ambao gari limetembea. 88,000.

Kama spidi ni maili, hizo nazo ni maili. Tena si za gari langu, ni za lile la Uingereza. Langu limezunguka mara tatu ya hapo. Lakini mtu akisoma 88,000 ataamini limekuwa likilala gereji. Korti imenipa siku kumi na nne, na hakuna mahali imesema nisiuze gari kabla hazijaisha.

Nimeweka tangazo kwenye simu: "Limetembea 88,000 pekee." Sikuandika 88,000 za nini. Hakuna anayeulizaga.

Saa sita mtu alipiga kutoka Thika, anaitwa Nafuna. Anakuja kuliona Jumamosi. Maggie aliuliza kama nimelifikiria vizuri. Nikamwambia safari hii hakuna polisi wala kamera.

Nafuna ni mwalimu wa fizikia, sekondari. Nimefurahi sana. Msomi kama huyo hana wakati wa vitu vidogo vidogo.