Viatu vya Napoli Vilivyojaza Samaki Uani Ilemela

Naanza kwa jina la Mola aliyempa kila kiumbe wayo wake, ili apitapo ajulikane kuwa amepita. Na rehema zimshukie Mtume wake, aliyetukataza kupunja na kughushi. Ama baada ya hayo, nawapanga wahusika kwa heshima zao. Wa kwanza ni Mhoja, fundi viatu wa Igogo, mtu wa maneno machache na gundi nyingi. Wa pili ni Bi Evelina wa Ilemela, mwenye nyumba ya vigae na shingo isiyopenda kugeuka. Wa tatu ni Shantilal, muuza ngozi na misumari, jirani yake Mhoja kwa miaka ishirini. Wa mwisho, kwa kuwa ndiko alikostahili, ni Shigela, kijana mtanashati ambaye ulimi wake ungeweza kumuuzia sangara maji ya ziwa.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini. Milango ya biashara ilikwisha funguliwa, na watu wa mjini wakasadiki kwamba kisichovuka bahari si kitu. Viatu vya Mhoja vilikuwa imara kama majabali ya Mwanza, na kama majabali hayo, havikuondoka mahali pake. Mkewe, Justa, alimwambia waziwazi kwamba masika yakiingia bila wateja, wataifunga karakana na kurudi Sengerema kulima pamba. Mhoja, aliyekuwa akitoka malengelenge kwa kulitazama jembe tu, alikosa usingizi.

Ndipo Shigela akapita, akaviona viatu, akaona pia alichokificha Mola kwa wenye haya: kwamba kiatu kizuri kilikosa jina tu. Akanunua jozi ishirini, za kike na za kiume, kubwa na ndogo, asijaribu hata moja. Mhoja akamtazama miguu, kama mafundi watazamavyo.

“Mteja mwema hatoki kwangu bila nyongeza,” akamwambia. “Pita kesho, nikushonee jozi yako mwenyewe.”

Shigela akaipokea nyongeza ile kwa furaha ya mtu aliyezoea kuchukua, asiyezoea kupewa.

Ikumbukwe kwamba Mhoja alikuwa na desturi ya kuchonga samaki chini ya kila soli, ili kiatu kikiharibika kijue njia ya nyumbani. Shigela akaona samaki hao, akawafunika kwa karatasi za rangi ya dhahabu zilizoandikwa Napoli. Maboksi matupu aliyanunua kwa Shantilal, ambaye hakumwuliza kitu. Lakini Shantilal alikuwa akinywa chai kwa Mhoja kila alasiri, na chai, kama mjuavyo, haipendi kunywewa kimya.

Shigela akapanda Ilemela.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba. Unauza nini?”

“Siuzi, mama. Naonyesha tu. Vimeshuka jana kutoka Napoli, Italia, na vina wenyewe.”

“Mimi vya Igogo sivai,” akaonya Bi Evelina, huku mguu umekwisha toka kwenye kandambili.

“Wala usivivae. Mguu kama huu kuuvisha kitu cha Igogo ni kuudhulumu.”

Napoli hiyo ilikuwa mwendo wa asubuhi moja kwa mtembea taratibu. Bi Evelina akakazana mpaka wale wenye viatu wakasahauliwa, akachukua jozi zote kuwavisha jamaa zake kwenye harusi ya binti yake, na kwa bei ambayo ulimi wangu unaona haya kuitaja. Shigela naye akaalikwa, akaketishwa meza ya mbele.

Siku ya harusi mvua ikanyesha. Ua ulikuwa umemwagwa mchanga mzuri wa ziwani, na wageni wakaukanyaga kwenda kwenye pilau. Karatasi za Napoli zikalowa, zikabanduka, zikaelea vidimbwini. Bi Evelina alipotazama chini, aliona samaki. Samaki mlangoni, samaki chini ya turubai, kundi zima la samaki likiogelea kuelekea sufuria. Shangazi mmoja akaanza kukemea mashetani.

Mzee Kija, mfugaji aliyevuka kutoka Sengerema, akainama akasoma mchanga kama asomavyo nyayo za ng'ombe aliyepotea. Kisha akainua mguu wake mwenyewe. Chini palikuwa na samaki yuleyule.

“Huyu ni wa Mhoja wa Igogo,” akasema. “Mimi namvaa mwaka wa tisa.”

Vichwa vikaelekea meza ya mbele. Kiti kilikuwa kitupu. Lakini kutoka kitini zilianzia nyayo ambazo hazikuwa za samaki. Zilikuwa za jogoo, mwenye upanga kichwani na mkia, aliyechongwa kwa ustadi mkubwa. Harusi nzima ikamfuata jogoo huyo, bibi harusi akiwa ameshika shela, wakapita nyuma ya jiko, hadi alipoingia, kama ilivyo ada ya majogoo, katika banda la kuku. Shigela akatolewa humo ana manyoya masikioni.

Mhoja akaitwa. Bi Evelina akamlaki kwa ghadhabu.

“Vinakubana?” akauliza Mhoja.

“Havibani.”

“Vimeachia?”

“Havijaachia.”

“Basi mama, kosa la viatu ni lipi?”

Bi Evelina akainua mguu, akaukagua mshono. Mhoja akamgeukia Shigela.

“Anunuaye jozi ishirini asijaribu hata moja hana miguu ishirini, ana hila. Nilikuchongea jogoo ili uonekane uendako. Miguu ya wakubwa hawa nimeitamani miaka mingi, mwanangu, nawe umenivishia yote. Ahsante.”

Akawatangazia wageni kwamba kila chenye samaki kikiharibika atakishona bure hadi masika ya pili, maana Igogo wanafika kwa miguu, na Napoli hata barua huchelewa. Shigela akarudisha alichozidisha, kisha akahukumiwa kuinadi karakana mwaka mzima. Akainadi vizuri mno. Bi Evelina akanunua tena, akilalamika njia nzima. Masika yakaingia, na Justa akalitumia jembe kuegemeza mlango wa karakana usifungwe na upepo.

Mwisho wa mwaka Mhoja akampa Shigela nyongeza nyingine. Wanasema aliigeuza juu chini mara tatu kabla ya kuivaa.

Ewe Mola, wabariki wote: mafundi na majirani zao, wanunuzi na wenye kunadi. Uimarishe mishono yao, uziongoze nyayo zao, na siku ya kuulizwa tulikopita, mchanga usitufedheheshe. Amina.