Kipimo cha Tabia Kimemchagua Mjomba

Jamani, leo nimeumbuka mchana kweupe, tena Karatu mjini.

Kuna ofisi hapa inatengeneza mifumo ya kupangia safari za watalii. Niliomba kazi. Wiki iliyopita wakanitumia kipimo cha tabia kwenye simu: maswali sitini, unakubali au unakataa. Mimi siamini vitu hivyo. (Mashine itanijuaje, wakati mwenyewe bado najitafuta?) Isitoshe, kwetu Nainokanoka mtu hajielezi tabia yake, huelezwa na wakubwa. Basi nikamfuata mjomba machungani, nikamsomea maswali anijibie. Akajibu kwa tabia yake mwenyewe, si yangu. Mambo yakibadilika ghafla unapata wasiwasi? Akasema fisi hajawahi kumpa taarifa. Nikabonyeza "hapana kabisa".

Nikafaulu. Leo nimeitwa ofisini, mjomba akanisindikiza kwa kuwa alikuwa na dawa za ng'ombe za kununua.

Meneja, dada Paulina, alinipokea kwa heshima hadi nikachanganyikiwa. Eti mimi ni mtulivu, msuluhishi, mtu wa kuongoza timu. Kisha akanigeuzia kompyuta: rudia hapa, ndio utaratibu wetu.

Nikajibu mwenyewe. Kila swali nikaliona lina mtego. Unapenda kufanya kazi na watu? Watu gani? Karibu yote nikaweka "sina uhakika".

Dada Paulina akaitazama michoro ya majibu. "Kaka, hawa ni watu wawili."

Nikaanza kumweleza kwamba hiyo ndiyo dalili ya kipimo kibovu. (Nilitaja hadi somo la takwimu.) Mjomba, aliyekuwa kwenye benchi la mlangoni akinywa chai yao, akaona nateswa bure.

"Mama, usimsumbue kijana. Yale ya kwanza nilijibu mimi."

Nikasubiri kufukuzwa. Badala yake dada akamgeukia mjomba, akamuuliza angefanya nini timu ikigombana. Akasema angewakalisha chini, aanze kumsikiliza yule asiyeongea. Dada akaandika. Anaandika! Mimi nimesimama tu, sijui niage au nikae.

Mwisho wake: nafasi yangu imefutwa, ila mjomba ameombwa aje kila Jumatatu kuzungumza na vijana wa kompyuta. Mjomba akanitazama.

"Nitakuja. Mjomba, Jumatatu utanichungia ng'ombe?"

Ningekataaje mbele za watu? Hadi sasa sielewi kama kipimo kimekosea au kimepatia. Ninachojua, nimekwenda kwenye usaili wa kompyuta nikatoka na kazi ya kuchunga. Mkinikuta njiani Jumatatu na fimbo, salimieni tu, mpite.