Majeshi Yangu na Njia Ndefu

Jumatatu, 3 Februari

Theluji imefika dirishani. Moyo unapiga kama mlevi anayetafuta mlango. Mchungaji amenishauri niandike dhambi zangu kabla sijaondoka duniani. Nimekubali. Nimezitafuta asubuhi nzima. Chache mno! Nitaandika mipango yangu badala yake, asome mwenyewe aamue.

Siogopi kufa. Daktari anasema huenda nisione barafu ya ziwa ikiyeyuka. Sawa. Ninachohofia ni kikombe. Kikombe cha mbao, rafuni, katika chumba cha kahawa cha makao yetu ya wazee hapa Duluth. Kila majira ya baridi huchongwa jina la bingwa wa mchezo wa ubao wa kuteka nchi kwenye ramani ya dunia. Leland Okerstrom amechongwa mara nne. Leland! Mng'oa meno! Mimi, Alden Rasmussen, niliyefundisha vita vya Warumi chuoni maisha yangu yote, sina hata herufi moja pale. Fainali ni Jumamosi. Sitaondoka bila kuchongwa.

Huwa ninaangushwa na sheria moja tu. Ukimaliza zamu yako unaruhusiwa kuhamisha askari mara moja. Wengine huruhusu hatua moja, hadi nchi jirani, basi. Wengine huruhusu umbali wowote, mradi jeshi lipite katika nchi zako mwenyewe bila kukatika. Waliotengeneza mchezo wamewaachia wachezaji wachague. Leland miaka yote ni mtu wa hatua moja: hujibanza pembeni kama jino bovu. Mimi ni mtu wa njia ndefu. Warumi walijenga barabara. Hawakurukaruka kama vyura.

Hapa kwetu anayechagua ni yule aliyetolewa kwanza katika mchezo uliotangulia. Desturi hiyo aliileta Verna Saarinen, jaji mstaafu, mchezaji wetu wa tatu. Aliikuta mezani kwa mama yake: aliyelia ndiye akate keki. Basi mpango ni mwepesi. Keshokutwa tunacheza mchezo wa kujinoa. Nitatolewa kwanza. Kwa makusudi! Hata Hannibal asingeliwaza hilo.

Jumatano, 5 Februari

Nimeshinda. Aibu iliyoje!

Nilifanya kila upumbavu. Nilituma vikosi vyembamba dhidi ya majeshi manene. Dadu zikaonyesha sita. Tena sita. Niliacha mipaka wazi, hakuna aliyeingia. Verna aliniuliza kama nimelala na bahati kitanda kimoja. Leland naye alicheza kama aliyejidunga ganzi yake mwenyewe. Aliiacha Ulaya nzima akaenda kulinda Greenland! Akatolewa kwanza, akatabasamu hadi meno ya bandia yakacheza.

Hapo nikaelewa. Mnyang'anyi yule naye alikuwa anashindwa kwa makusudi. Na amenizidi!

Kwa hiyo sheria ya Jumamosi ataichagua yeye. Lakini lazima niandike na hili: nimewapiga wote wawili bila kukusudia. Wengine hukusudia na hawawezi.

Alhamisi, 6 Februari

Mpango mpya. Umenijia nikiwa katikati ya uji wa shayiri. Leland ni mbishi wa kuzaliwa. Mwambie nje kuna baridi, atavua koti. Nilimfuata chumba cha kahawa, nikajikunja juu ya mkongojo, nikatoa sauti ya mtu aliyekwisha. (Haikuwa kazi kubwa. Ila kipaji ninacho.) Nilimsihi achague chochote ila njia ndefu, maana moyo wangu hauwezi tena mambo ya kasi.

 Akasema, "Pole, Profesa. Basi ni njia ndefu hiyo hiyo. Ukianguka tutakuokota."

Amenasa! Nimerudi chumbani nikacheka mpaka muuguzi akaja kunipima. Shinikizo la damu liko juu, akasema. Nikamwambia hivyo ndivyo linavyokuwa kwa washindi.

Verna, kwa upande wake, amesema sheria yoyote kwake ni sawa. Anataka tu tumalize kabla kahawa haijapoa, ana soksi ya kumalizia kufuma. Masikini. Nilimwahidi nafasi ya pili.

Ijumaa, 7 Februari

Nimepima kikombe kwa uzi wakati watu wako kwenye mazoezi ya viungo. Jina langu linaenea chini ya Okerstrom, hata herufi zikiwa kubwa kidogo kuliko zake. Nimeandaa hotuba. Ni fupi, ina Kilatini kidogo tu.

Jumamosi, 8 Februari

Niandike kwa utaratibu. 

Nilianza vizuri mno. Niliishika Australia. Nikapanda Siam, lango lake ubaoni, kisha China, Ural, Ukraine, hadi Skandinavia. Nchi zangu zilifuatana kama mabehewa ya treni. Kisha ukaja wakati nilioungoja miaka themanini. Mwisho wa zamu nilizoa jeshi lote kutoka Australia kwa mikono miwili, nikalipitisha bara zima, nikalitua Skandinavia, mbele ya pua ya Leland. Kila nchi njiani niliachia askari mmoja. Mlinzi wa barabara, kama Warumi!

Nilisimama. Nilishika kiti nikawaeleza walichokuwa wamekiona.

Leland akasema, "Kaa chini, Kaisari, utaangusha Asia."

Asia iliangushwa na Verna. Hakuacha hata kufuma. Alikuwa na askari watatu tu karibu na Ural. Akarusha dadu, mlinzi wangu akaondoka ubaoni. Barabara ikakatika katikati. Jeshi langu kubwa limebanana Skandinavia kama dagaa pipani, na huku nyuma kila nchi ina mtu mmoja. Nilihitaji zamu moja tu ya kusogea Ukraine na nyingine ya kuikomboa Ural. Ya pili sikupewa. Jambo moja halikuwa limenijia akilini: njia ndefu ni ya kila mtu. Leland alileta genge lake kutoka Brazili hadi Mashariki ya Kati kwa mkupuo mmoja, zamu iliyofuata akashuka Siam, akaingia Australia bila hata kubisha hodi.

Jeshi langu kubwa nalo wakalibana wote wawili, na dadu zangu zikaonyesha moja, tena moja. Nilitolewa kwanza.

Leland alifuata. Alikuwa ametandazwa dunia nzima, mwembamba kama mkate wa viazi wa bibi yangu. Verna akamkata Misri, akamla vipande vipande. Kahawa ilikuwa bado ya moto.

Nilimuuliza Leland kwa nini alinaswa kirahisi vile Alhamisi. Akacheka. Kumbe alikuwa anaitaka njia ndefu tangu mwanzo! Amefanya mazoezi na mjukuu wake kwenye kompyuta tangu sikukuu ya shukrani ya Novemba. Haidhuru. Nilimsukuma kule alikokuwa akienda. Kusukuma ni kusukuma.

Jumapili, 9 Februari

Kifua kizito leo. Nilikwenda kwa Verna kabla ya ibada, hatua kwa hatua. Nikamwambia ukweli: majira mengine ya baridi sitayafikia, na jina langu halipo.

Aliweka soksi chini. Akajiweka sawa kitini, kama zamani kabla ya kutoa hukumu, nadhani. Kisha akasema, "Kikombe kina tako, Alden. Chini kabisa kuna nafasi. Nitaagiza wachonge majina ya niliowashinda."

Nimekubali kwa heshima. Chini ndiko kunakobeba kikombe kizima. Watu hawalifikirii hilo.

Sheria yangu haikuwa na kosa. Kosa ni la Ural, mahali pabaya pa kupitisha barabara. Nimemwambia Verna, naye akairudia soksi yake.

Balaa ni kwamba Leland amesikia na yeye anachongwa huko huko. Amekuja mbio na kigari chake cha kutembelea, anadai majina yafuate alfabeti, ili Okerstrom amtangulie Rasmussen. Mara nne juu hazimtoshi! Nimekataa. Nimetaka yafuate mpangilio wa kuanguka. Sasa anasema yeye ndiye aliyeanguka kwanza, kwamba pale Misri alikuwa ameshakwisha moyoni muda mrefu. Moyoni! Mimi nilianguka ubaoni, mbele ya shahidi aliyekuwa jaji.

Kesi inasikilizwa saa tisa. Hotuba ninayo. Katika kushindwa, hakuna mtu Duluth nzima atakayenitangulia.