Breki ya Nyuma na Gari la Bibi Harusi

Jumatatu, 2 Machi

Balaa! Jumamosi Kelly anaolewa, na gari la bibi harusi ni langu. Miaka kumi na moja, kila harusi ya Warundi wa Stockholm, mimi ndiye wa mbele kwenye msafara. Leo baada ya kwaya mama yake, Raïssa, kaniita pembeni. Eti gari langu linalia nyuma kama mbuzi. Nisipolinyamazisha kufikia Alhamisi, Kelly atapanda la Gilles. Gilles wa Jakobsberg! Mwenye gari la umeme. Gari lisilonguruma nalo ni gari? Wivu sina. Naandika tu.

Jumanne, 3 Machi

Uchunguzi umeanza. Nimezunguka mtaa wetu wa Spånga, mke wangu Spéciose kiti cha nyuma, katega masikio. Ripoti yake: sauti inatoka kushoto, kuna harufu ya kuungua, gari linakwenda kama limefungwa kamba. Akauliza kama breki ya mkono inaachia. Nikamuuliza ufundi kasomea wapi. Akasema gari la Gilles halina harufu. Sikula vizuri.

Jumatano, 4 Machi

Nimefungua gurudumu la nyuma. La kulia. Najua, sauti iko kushoto, lakini kushoto kuna lundo la theluji. Pedi za breki nene, diski inang'aa. Basi breki ni nzima, masikio ya Raïssa ndiyo mabovu. Nikaegesha na kuvuta breki ya mkono mpaka mwisho, kama mjomba alivyonifundisha kwenye miteremko ya Bujumbura. Hapa kwetu ni tambarare kama meza, lakini mazoea ni mazoea.

Alhamisi, 5 Machi

Spéciose kampigia Gilles! Bila kuniuliza! Kaja na ovaroli iliyopigwa pasi. Kaendesha kidogo, kashuka, kasogeza kiganja karibu na magurudumu. La kulia baridi. La kushoto, ungekaangia yai. Kafungua: kebo ya breki ya mkono imeshika kutu, haiachii, pedi zimelika zote. Kabadilisha, kalainisha. Mimi nilishika tochi. Akaniasa nisivute breki ya mkono kwenye baridi, maji huingia yakaganda; niliache gari kwenye gia tu.

Kilichoniuma zaidi: Spéciose kampakulia kisamvu mara mbili. Mimi tangu Krismasi napakuliwa mara moja. Kisha Gilles akampigia Raïssa, akamwambia gari ni zima, Kelly apande langu. Anajifanya mwema mbele ya mke wangu!

Ijumaa, 6 Machi

Nimeliosha mpaka chini ya magurudumu. Linang'aa kuliko la Gilles. Kisha breki ya mkono, kwa mikono miwili. Gilles anasema nisivute? Bila shaka anataka liteleze ligonge mti.

Jumamosi, 7 Machi

Nyuzi nane chini ya sifuri. Magurudumu ya nyuma yameganda! Nimekanyaga mafuta, ya mbele yanazunguka, ya nyuma hayana habari. Angalau hayalii. Kelly kapanda la Gilles, anapunga mkono dirishani. Kwenye nafasi yangu, ya mbele ya msafara, Gilles! Mimi na Spéciose tumekwenda kwa treni, suti na keki mapajani. Nililia kidogo. Watu wakadhani ni furaha.

Jumapili, 8 Machi

Barafu imeyeyuka. Kanisani wote Gilles, Gilles. Nimetafakari sana, ukweli nimeuona. Breki hizo nani alizishika Alhamisi? Gilles. Zikaganda lini? Jumamosi. Mwezi wa tano anaolewa Eve, binti mwingine wa hapa kanisani, na safari hii hanigusii gari. Nimeliosha upya, nikaliegesha mbali, Spéciose asije akamwelekeza Gilles lilipo. Breki ya mkono nimeivuta mpaka mwisho, kisha nikaongeza kidogo.