Posa Mbili, Printa Moja

Jumatatu, 2 Septemba

Wateja wamechoka kunambia mzito. Leo nimeitia adabu kompyuta ya duka langu la kuprinti. Nimeingia kwenye mipangilio ya brauza nikaiamuru: kila PDF ikimaliza kushuka, ifunguke hapo hapo, isiniulize. Raha! Watu wa hapa Ole wamestaajabu. Nimewambia ni kwa ajili ya haraka yao. Uongo, Mola wangu. Nataka kusoma barua za watu. Nikizifungua mwenyewe ni upekuzi. Zikifunguka zenyewe, macho yangu yana kosa gani?

Jumanne, 3 Septemba

Yamenifika. Mwalimu Jabir wa skuli kanitumia faili kwa wasapu ili niliprinti. Likashuka, likafunguka. Barua ya posa! Anamtaka Shamima, yule mjane fundi cherehani. Shamima wangu! Mwaka mzima namtaka mie, na aliyejua ni Ami Shaame peke yake. Tangu mke wangu afariki, mwaka wa tatu huu, nakula muhogo uliopoa na redio. Na Jabir anajua kuandika, laana... astaghfirullah. Machozi yalinilenga. Nikamwambia faili limekuja bovu, arudi kesho. Akaitikia, haya kaka Ngwali, ahsante sana. Alipogeuka tu nikainakili barua yake neno kwa neno. Nilichobadilisha ni jina la chini.

Jumatano, 4 Septemba

Saa nne Ami Shaame huyo, mshenga wangu, kanzu imenyooka, halua mkononi. Fanya hima, kasema, Mzee Pandu, kakaake Shamima, anatoka adhuhuri. Mara Jabir mlangoni! Kanitumia tena lile faili. Asije akanishuku, nikabonyeza lishuke. Mtandao ukatambaa. Kasubiri, kachoka, kenda kusomesha. Nikafungua barua yangu. Ami akaniuliza kwa ukali, anayeoa ni nani hapa, mie au wewe? Nikainama kutia karatasi nzuri, nikainuka, nikabonyeza printi. Mistari ya mwanzo nikaiona, ile ile. Bahasha, gundi, Ami huyoo. Usiku wa leo nimekula wali.

Alhamisi, 5 Septemba

Sitaki kuandika. Naandika.

Ami karudi hanitazami. Anasema walimpokea vizuri, kahawa, halua ikasifiwa. Mzee Pandu akavaa miwani akaisoma barua kwa sauti, jamaa wote wamekaa. Chumbani Shamima kasikika akilia kwa utamu wa maneno. Mwisho kabisa: “Ni mimi mwenye kuomba, Jabir.” Ami kasema alitamani mkeka ummeze. Jawabu la posa hungojewa wiki, hawa wamekubali pale pale! Na Mzee Pandu kamshukuru yeye kwa kumsemea Mwalimu. Ami akaona haya kukanusha. Kanambia nimemvalisha kanzu mzee mzima akamuozeshe adui yangu.

Nimekimbilia kompyuta. Nilipoinama kutia karatasi, faili la Jabir lilimaliza kushuka. Likafunguka juu ya langu. Kama nilivyoliamuru.

Ijumaa, 6 Septemba

Baada ya sala nimemshika Jabir kanzu nikamwambia yote. Kasema kanisamehe, kwani bila mie asingethubutu kupeleka barua mwezi huu, alikuwa anaogopa. Kaniomba nimprintie kadi za harusi. Nimerudi nyumbani nikalala na viatu.

Jumamosi, 7 Septemba

Toba ya kweli. Amri ile nimeiondoa. Brauza sasa inaniuliza kila faili nitalihifadhi wapi. Nimetengeneza folda, nimeiita Posa, nahifadhi humo nakala za barua za watu, kwa usalama wao. Leo imeingia moja. Hafiz wa Vitongoji anamposa Bi Rahma, mwalimu wa chuo cha Kurani, mwanamke mpole, ana ng'ombe wawili. Nimeisoma mara nne. Masikini Hafiz hajui kuandika. Nimeitengeneza kidogo, imekuwa barua hasa. Hata kuitia jina lake naona hasara.

Nimempigia Ami Shaame mara sita, hapokei. Kanzu ninayo. Barua nitaipeleka mwenyewe.